Mkurugenzi Ametaga Taarifa

Jamani, hebu someni hili tangazo vizuri. Katibu Mahsusi Daraja la Tatu: awe na stashahada ya uhazili, awe amefaulu hatimkato, yaani yale maandishi ya alama fupi za kunasa maneno ya msemaji, ya Kiswahili na Kiingereza maneno 100 kwa dakika moja, halafu ajue Word, Excel, Publisher na ndugu zao wote. Mia kwa dakika! Wakubwa wa maofisini nawajua mimi. Bosi akianza barua ni "Eee... mwandikie... aaa... nani yule..." kisha anapokea simu. Dakika imekwisha, maneno hayajafika kumi.

Na hizo mia zihesabiwe kwa haki basi. "Wasingeyatekeleza" neno moja. "Tutakapowashirikisha" neno moja. Anayeandika imla ya Kiingereza anapewa vineno vya herufi mbili mbili, anamaliza, anakunywa maji. Mimi bado niko kwenye "wasinge".

Mazoezi nafanyia nyumbani. Nilimpa shemeji gazeti anisomee, akafika ukurasa wa Simba na Yanga, akaanza kusoma kimoyomoyo. Nikahamia kwenye redio. Yule msoma habari sijui anapumulia wapi. Aliyenipa imla ya kweli ni mama mwenye nyumba alipokuja kudai kodi. Yule hana koma, hana nukta. Nikashika penseli nikawa namnakili, naye akadhani naandika ahadi ya malipo, akapoa, akaondoka. Hatimkato ina faida zake.

Balaa ni mistari yenyewe. Huyu Bwana Pitman, Mwingereza aliyeitoa hatimkato yake mwaka 1837, alikuwa mbahili wa wino. P na B ni mstari uleule, tofauti ni unene tu. T na D vivyo hivyo. K na G vivyo hivyo. Irabu ni vinukta na vistari vya pembeni, na mwenye haraka anaviruka, eti atavikumbuka mbele ya safari. Sasa ole wako penseli iwe butu, maana kila kitu kinanenepa. Juzi nimechapa imla yangu kwa nidhamu kabisa, ukurasa safi, ikasomeka: "Mkurugenzi ametaga taarifa ya robo mwaka." Chini yake: "Gesi imefunguliwa mahakamani." Kesi hiyo, jamani, kesi!

Kuchapa nako naenda steshenari ya mtaani. Kibodi imefutika herufi, hilo si neno, vidole vinajua njia. Lakini A inagoma. Kati ya herufi zote za Kiswahili, igome A! Dokezo langu likatoka hivi: "Kwend: Wkuu wote w idr." Mwenye duka ananiambia bonyeza kwa nguvu. Nikibonyeza kwa nguvu inatoka "aaaaaaaa", kama bosi anayetafuta neno.

Na siku ikifika kuna mchujo wa kuandika kwanza, ukipona ndipo vitendo, ukipona tena ndipo mahojiano. Uje na vyeti halisi, cheti cha kuzaliwa na kitambulisho, na kila msailiwa atajigharamia chakula, usafiri na malazi. Sina kazi, ndiyo maana naomba kazi, ila nijigharamie.

Jana jirani amepiga hodi, mama mtu mzima, kaja na mjukuu anayeshtuka usiku. Kumbe ameliona daftari langu barazani, mikunjo na vinukta mwanzo mwisho. "Baba Zuhura, kumbe unaandika kombe na hutuambii?" Kombe, yale maandishi ya dua yanayoandikwa, yakaoshwa kwa maji, mgonjwa akanywa. Nikamweleza kuwa ni uhazili, akacheka, akasema wataalamu wote huwa hawajitangazi. Akaweka elfu tano juu ya meza.

Nikawaza nauli. Nikampasulia ukurasa.

Leo asubuhi mtoto amelala fofofo, na mlangoni kuna foleni ya akina mama watatu na sahani. Sasa nani ana mashine ya kuchongea penseli aniazime?