Ratiba ya Mapenzi Mjini Brugge

Mume wangu, Baba Nasra, amekuwa katibu wa kamati za harusi kwa muda mrefu kiasi kwamba hawezi kuona watu wawili wakipendana bila kuwaandalia ratiba. Kwa hiyo Shemeji na mkewe, Mama Imani, walipopendekeza tuwaache watoto kwa shangazi yao hapa Antwerpen, Ubelgiji, kisha wanandoa wanne twende Brugge kupumzika wikiendi moja ya Februari, yeye hakuuliza habari za hali ya hewa, bali aliomba kalamu. Kabla hatujalala kila mmoja alikuwa ametumiwa karatasi iliyopigwa mistari kwa rula: saa 4:00 asubuhi kuwasili, saa 4:30 mashua, saa 6:00 ukimya wa pamoja, saa 9:00 mnara na neno kutoka kwa Baba Nasra, saa 1:00 usiku chakula na kushikana mikono, na mbele ya kushikana mikono alikuwa ameandika "hiari".

Sina neno juu ya uchaguzi wa mji wenyewe. Kitovu cha Brugge kimo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000, na mtu akisimama juu ya mojawapo ya madaraja yake ya mawe, akitazama nyumba za matofali zilizoinamia mifereji, anaelewa kwa nini wapenzi huenda huko. Majira ya baridi wageni hupungua na vyumba hushuka bei, jambo ambalo Baba Nasra alilieleza kama ugunduzi wake binafsi, ingawa tulipotoka tu kwenye kituo cha treni na upepo ukatupiga usoni, sote tulifahamu kwamba punguzo lile halikutolewa kwa hisani.

Mashua ndiyo iliyoanza kuharibika. Boti za watalii za Brugge kwa kawaida hufanya kazi kuanzia Machi hadi katikati ya Novemba, na katika miezi iliyobaki hutoka kwa nadra, kwa hiyo tulizikuta zimefungwa kamba gatini na kufunikwa turubai. Baba Nasra alizitazama kama afisa aliyekuta ofisi imefungwa saa za kazi, akatoa karatasi mfukoni, akaandika "imeahirishwa", kisha akatuongoza kwenda Minnewater, ziwa dogo ambalo wageni huliita Ziwa la Mapenzi.

Hapo tulikutana na mabata maji. Wenyeji husimulia kwamba mwaka 1488 watu wa Brugge walimwasi mtawala wao, Maximilian wa Austria, na kumkata kichwa mshauri wake, Pieter Lanchals, na kwamba adhabu waliyopewa ni kuwafuga mabata maji katika mifereji yao milele. Iwe kweli au hadithi tu, mabata wenyewe wanaonekana kuiamini. Shemeji alikuwa ndiyo kwanza amefungua kibweta cha sambusa alizoamka alfajiri Mama Imani kuzikaanga, bata mmoja akapanda ukingoni bila haraka, akanyoosha shingo na kuondoka na sambusa ya nyama, na wenziwe wakaja kuuliza habari. Adhabu ya mwaka 1488 ilikuwa bado inalipwa, na siku hiyo ililipwa kwa sambusa za Mama Imani. Tulibaki na chupa ya chai ya tangawizi.

Kutoka ziwani unavuka daraja dogo na kuingia Begijnhof, makazi yaliyoanzishwa mwaka 1245 kwa ajili ya wanawake waliotaka maisha ya ibada bila kula viapo vyote vya utawa. Leo wanaishi humo masista wa Shirika la Mtakatifu Benedikto, na nyumba nyeupe zimezunguka kiwanja cha miti mirefu ambamo hata nyayo za mtu zinasikika. Kibao kinaomba wageni wanyamaze. Tulikuwa tumenyamaza kweli, mkono wangu umo ndani ya mfuko wa koti la mume wangu, na nilikuwa naanza kuisamehe ratiba, simu yake ilipoita. Alikuwa mama mkwe, kutoka Tanga, kwa simu ya video.

Baba Nasra alikusudia kuikata. Lakini alikuwa amevaa glavu za sufu, na kioo cha simu hakitambui sufu. Alisugua mara moja, akasugua tena, mwisho akajaribu kwa pua, na pua ikapokea simu badala ya kuikata.

"Mbona miti haina majani?" sauti ya mama mkwe ikajaa uani. "Huko nako kuna ukame?"

"Shikamoo mama," nilinong'ona.

"Marahaba mwanangu. Sema kwa nguvu, sikusikii. Na lile tumbo la mwenzio limetulia? Ile dawa ya mizizi niliyompa mgeni awaletee, anakunywa kabla ya kula au baada?"

Wakati huo mwenye tumbo alikuwa anavuta glavu kwa meno, Shemeji amegeuka ukutani mabega yakimtetemeka, na sista mmoja mzee alikuwa anatujia polepole kwenye njia ya mawe. Nilitamani ardhi ipasuke. Sista alipofika aliweka kidole mdomoni, akainama kutazama kioo, akamwona mama mkwe na ushungi wake, akampungia mkono.

"Huyo ni nani?" aliuliza mama mkwe, safari hii kwa sauti ya chini. "Msalimieni sana. Amejisitiri vizuri kuliko nyinyi wote." Ndipo glavu ikatoka.

Kanisa la Mama Yetu, ambamo Mama Imani alitaka sana kuiona sanamu ya marumaru ya Bikira Maria na Mtoto iliyochongwa na Michelangelo, tulipita nje yake tu kwa mwendo wa kukimbia, kwa maana ratiba ilikuwa imechelewa na katibu hakutaka kusikia hoja kutoka sakafuni.

Mnara wa Belfort, ulioko kwenye uwanja wa soko, una urefu wa mita 83 na ngazi 366, na kadiri unavyopanda ngazi zinazidi kuwa nyembamba, zikijizungusha hadi inabidi ushike kamba. Baba Nasra alikuwa amevaa makoti matatu. Kila walipotokea watu wa kushuka alilazimika kujibandika ukutani na kutoa pumzi yote ili wapite. Tulipofika kwenye chumba ambamo mji ulitunza hati zake za haki pamoja na fedha, nyuma ya milango ya chuma, aliisifia milango hiyo kwa muda mrefu mno, na sote tukamsaidia kuisifia kwa kuwa nasi tulihitaji kupumua.

Juu kabisa zinaning'inia kengele 47, zenye uzito wa jumla wa takriban tani 27, ambazo hulia zenyewe kila robo saa kwa msaada wa pipa kubwa la shaba, na saa inapotimia hulia kwa kirefu zaidi. Saa kumi alasiri ilikuwa imebakiza sekunde chache. Mume wangu alipiga goti moja, jambo ambalo hakulifanya hata siku ya posa, akakunjua karatasi ya pili, na Shemeji akaanza kurekodi. Yeye ni mtu wa Tanga, neno lake haliwezi kuwa neno tu. Lilikuwa shairi la tarbia lenye vina na mizani kamili.

"Mpenzi nimekupenda, tangu siku ya harusi…"

Nilipata nafasi ya kujiuliza kabla ya harusi alikuwa anafanya nini, kisha kengele zikaanza. Sikusikia tena chochote. Niliona midomo ikicheza, mkono ukipanda kwenye kina cha kati na kushuka kwenye kina cha mwisho, ubeti baada ya ubeti, na kengele ziliponyamaza naye alikuwa anakunja karatasi. Wageni waliokuwa karibu walipiga makofi. Nilimwomba arudie. Alinieleza kwa upole kwamba mshairi harudii, na kwamba jambo muhimu ni kuwa limeshasemwa. Mama Imani, aliyekuwa amesimama karibu zaidi, alidai kwamba ubeti wa tatu ulitaja samaki wa kupaka.

Usiku, wakati mimi na yeye tunajaribu kuyaunganisha magodoro mawili ya kitanda cha hoteli, ambayo kila tukijongea katikati yalikuwa yanaachana na kututumbukiza, simu ililia tena. Shemeji alikuwa ameirusha video kwenye kundi la ukoo, na Tanga walichokiona ni Baba Nasra amepiga magoti ndani ya mnara huku kengele zikilia juu ya kichwa chake. Safari hii alipiga Baba Mkubwa mwenyewe.

"Tumekaa kikao," alisema. "Tunataka kujua tu, umebatizwa lini?"

Mume wangu, akiwa nusu godoroni na nusu sakafuni, alieleza kwa adabu zote kwamba mnara ule si wa kanisa, ni wa manispaa, kwamba ulianza kujengwa karne ya 13 na humo ndimo mji ulimotunza hati na hazina yake. Baba Mkubwa alinyamaza kidogo.

"Kwa hiyo ni halmashauri."

"Ndiyo, Baba Mkubwa."

"Na wamekupigisha magoti. Wanakudai kodi?"

Baba Nasra alikuwa amepanda ngazi 366 kwa makoti matatu na hakuwa na nguvu ya kueleza mapenzi kwa mzee wa miaka themanini, kwa hiyo alijibu kwamba ndiyo, ni kodi. Tulipopanda treni Jumapili, michango ilikuwa imeshaanza, mama mkwe ameteuliwa kuwa mweka hazina, na Shemeji, ambaye si ndugu yetu wa damu, alikuwa ametumiwa ujumbe wa kukumbushwa ahadi yake.