Shangazi, Nyungu na Zimamoto wa Denver

Shangazi yangu wa Tanga alipokuja kututembelea Denver, kitu cha kwanza kukikagua kilikuwa bustani, na hakuipenda. Kokoto tupu, na katikati ya kokoto vichaka visivyofika hata magotini.

"Baba, huku maji hakuna?"

Nikamweleza. Denver mvua ya mwaka mzima kwa kawaida haifiki milimita 400. Tanga hupita 1,200. Ndiyo maana niling'oa ukoka nikapanda oregano ya mapambo, ile iitwayo 'Kent Beauty'. Ni ndugu wa oregano ya kwenye piza, ila hii watu huipandia uzuri wake: vijani vya waridi na kijani vinavyofunika maua, vinavyoning'inia kama hereni wakati wa kiangazi. Ikishashika mizizi inatosheka na maji ya nadra. Kinachoiua upesi ni kulowa mizizi, hasa majira ya baridi, na zile kokoto zipo ili maji yapite. Shangazi alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaenda kujaza ndoo.

Ndoo nilimpokonya kwa adabu. Mkasi ulibaki jikoni.

Wiki hiyo hiyo mafua yakamshika. Nikamwachia chai ya tangawizi, nikaenda kazini. Mchana jirani ananipigia: gari la zimamoto liko mlangoni kwako. Nilivyoendesha siku ile, Mungu anajua.

Nafika, king'ora cha moshi kinalia mpaka meno yanauma. Jikoni wamesimama zimamoto watatu na makofia yao, na mbele yao kitu kikubwa kimejigubika blanketi, juu ya blanketi khanga, kinafuka mvuke. Shangazi anapiga nyungu. Hereni zangu zote za waridi zinaelea kwenye sufuria.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Waambie hawa wazime hicho kidude, kinanipandisha presha."

"Shangazi, umekata maua yangu?"

"Maua gani? Nimekata kivumbasi. Tena kivumbasi chenyewe hakina nguvu, mpaka nimetia kichaka kizima ndiyo kikanukia kidogo."

Hapo, kwa shingo upande, nakiri alisema kweli. Hii ya mapambo harufu yake ni hafifu mno mbele ya ile ya jikoni.

King'ora kikazimwa. Kiongozi wao, jitu la miraba minne, akaanza kunieleza habari ya kufungua madirisha, akakatizwa na chafya. Ya pili ikafuata. Blanketi likafunuka upande mmoja, likatoka jicho.

"Mwambie huyu kijana mafua yake yamekomaa. Avue kofia aje, sufuria bado ya moto."

Nikamgeukia kiongozi, nikamwambia kwa Kiingereza kwamba shangazi anawashukuru sana kwa huduma yao. Akatabasamu, akainamisha kichwa kwa heshima.

Shangazi akamtazama, akanitazama mimi.

"Sasa mbona havui kofia?"