Historia ya halmashauri zetu isisahaulike

Nimesoma makala ambayo mwandishi wake anawalaumu madiwani peke yao kwa halmashauri kutegemea fedha za Serikali Kuu. Hapo amewaonea. Wasomaji wazee watakumbuka kuwa mwaka 1972 Tanzania Bara ilianza kuzifuta serikali za mitaa, ikaleta mpango wa madaraka mikoani. Maamuzi yakaenda kwa watumishi walioteuliwa, na mwananchi wa kata akabaki hana wa kumuuliza. Miji ilichakaa mno, hata halmashauri za miji zikarudishwa mwaka 1978. Za wilaya zilisubiri sheria za 1982, zikaanza kazi 1984. Miaka kumi na zaidi bila baraza! Uzoefu wa namna hiyo haurudi kwa kupitisha sheria tu.

Na leo je? Diwani anachaguliwa na watu wa kata yake, lakini mkurugenzi anateuliwa na Rais, na ndiye katibu wa baraza. Kodi ya majengo nayo ilitolewa kwa halmashauri ikahamishiwa Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA) mwaka 2016. Ibara ya 146 ya Katiba inasema lengo la serikali za mitaa ni kuwapa wananchi madaraka. Tuanzie hapo kabla ya kumhukumu diwani.