Ligi ya raga isimame, timu ya taifa ipite

Sisi tunaofuata Ligi Kuu Bara tunajua viporo ni nini. Simba na Yanga wakiwa na mechi za CAF, mechi zao za ligi zinasogezwa mbele, msimamo unajaa mapengo, na kila kijiwe kina nadharia yake kuhusu nani anabebwa. Kwenye raga ya kulipwa ugonjwa ni wa aina nyingine, na kwangu mimi ni mbaya zaidi. Kule mechi haziahirishwi. Ligi inachezwa na pointi zinahesabiwa huku wachezaji bora wa klabu wako kambi ya timu ya taifa.

Ufaransa ndiko tatizo liliko wazi kuliko kwingine. Ligi yao, Top 14, ina timu 14 zinazocheza raundi 26. Timu sita za juu zinaingia mchujo, mbili za kwanza zikivuka moja kwa moja hadi nusu fainali. Msimu unaanza Septemba na fainali inachezwa mwishoni mwa Juni. Humo humo kuna mechi za klabu bingwa Ulaya, na Februari hadi Machi kuna michuano ya Mataifa Sita, yaani timu za taifa za England, Ufaransa, Ireland, Italia, Scotland na Wales. Raundi 26 ni nyingi mno kwa mchezo ambao huwezi kucheza Jumatano na Jumamosi kama soka, kwa hiyo baadhi ya raundi zinaangukia palepale timu ya taifa inapocheza. Ukikutana na Toulouse Septemba, unakutana na Antoine Dupont, nyota wao na wa timu ya taifa ya Ufaransa. Ukipangiwa kukutana nao Februari, unakutana na vijana ambao majina yao hata mashabiki wa Toulouse wanasoma mgongoni. Pointi nne ni zilezile. Huo msimamo unapima nini, ubora wa timu au bahati ya ratiba?

Machi 2025 niliangalia Ireland na Ufaransa kwenye kibanda umiza kimoja cha Isevya, hapa Tabora. Mechi ilianza saa 11 na robo jioni, na mwenye kibanda alishanitahadharisha mapema: "Mwalimu, saa 12 kamili naweka mpira." Tulikuwa watatu tu tunaoangalia, wengine walikuja kuwahi viti. Kabla hata ya nusu saa ya mchezo Dupont akaumia goti. Jamaa mmoja aliyekuwa akisubiri Ligi Kuu ya England aliuliza, "Huyo analipwa na nani, klabu au taifa?" Swali zuri kuliko mengi ninayoyasikia kwa wachambuzi. Analipwa na klabu. Msimu wake uliishia pale Dublin, klabu ikamkosa mpaka mwisho. (Saa 12 kamili chaneli ikabadilishwa kweli, ushindi wa Ufaransa wa 42-27 niliupata kwenye simu.)

Mtu atasema mbona Toulouse walichukua ubingwa bila yeye, wakaifunga Bordeaux 39-33 kwenye muda wa nyongeza mwezi Juni. Ndiyo, na hilo ndilo linalonikera. Toulouse wana kikosi kipana cha kuziba pengo lolote. Klabu ya katikati ya msimamo yenye mastaa wawili tu, wakiitwa wote wawili, Februari yake imekwisha. Ratiba ya namna hii inamlinda aliyejaza benchi kwa hela.

Hapa Tabora reli ni njia panda, ya Kigoma huku na ya Mwanza kule, na kila mtu anaelewa kwamba njia ikiwa moja, treni moja inasubiri stesheni nyingine ipite. Raga ina njia moja tu, ambayo ni mwili wa mchezaji. Ligi isimame kabisa timu za taifa zinapocheza, ziishe, ndipo irudi. England wameanza kufanya hivyo: ligi yao inasimama kupisha Mataifa Sita, na kipindi hicho klabu zinacheza kombe dogo na vijana wao. Wana timu 10 na raundi 18. Ukubwa huo naupenda, ila njia waliyofikia si ya kuigwa, maana walipungua kwa kufilisika. Wasps na Worcester zilianguka 2022, London Irish ikafuata 2023.

Na timu 10 zisigeuzwe klabu ya marafiki. Tangu Saracens washushwe 2020, tena kwa kosa la kuvunja ukomo wa mishahara, sikumbuki timu ya ligi ile ya England iliyoshuka kwa kufungwa. Chini yao Ealing walichukua ubingwa wa daraja la pili 2022 na tena 2024, mara zote mbili wakakataliwa kupanda kwa vigezo, kikubwa kikiwa uwanja mdogo. Mtu wa Tabora hahitaji semina kulielewa hili. Mwaka 2024 Tabora United, kabla haijabadilishwa jina, ilinusurika kwa mchujo mbele ya Biashara United, na presha ya siku zile pale Ali Hassan Mwinyi ilikuwa kubwa kuliko mechi nyingi za ubingwa nilizowahi kuona. Ukiondoa kushuka daraja, timu ya tisa na ya kumi zinacheza Aprili kwa ajili gani?

Kuhusu mchujo wa mwisho nina neno moja: timu nne zinatosha. Ligi ya pamoja ya Ireland, Wales, Scotland, Italia na Afrika Kusini inaingiza nane kati ya 16. Super Rugby Pacific, ligi ya klabu za New Zealand, Australia na visiwa vya Pasifiki, ilikuwa inaingiza nane kati ya 12, kisha 2025 wakaja na kioja kikubwa zaidi. Chiefs walimaliza wa kwanza, wakafungwa na Blues robo fainali, halafu wakasonga mbele kwa sababu walikuwa juu kuliko wengine waliofungwa. Wakaenda hadi fainali, wakafungwa tena, safari hii na Crusaders 16-12. Mtoano ambao ukifungwa unaendelea, mimi siuelewi.

Lakini wanaoumia kuliko wote ni Waafrika Kusini. Tangu 2021 klabu zao nne, Bulls, Stormers, Sharks na Lions, zinacheza ligi na Wazungu kuanzia Septemba mpaka Juni. Julai timu ya taifa ina mechi. Agosti kwa kawaida wanaanza michuano yao ya Kusini na New Zealand, Australia na Argentina. Novemba wanapanda ndege kwenda Ulaya. Mapumziko yako wapi? Ndiyo maana si ajabu kuwaona Springbok, wachezaji wa timu ya taifa ya Afrika Kusini, wakisaini Japani, ambako ligi inaanza Desemba na kufikia tamati Mei au Juni mwanzoni.

Dawa ipo na imeshawahi kupendekezwa: michuano ya Kusini ihamie Februari na Machi, ichezwe sambamba na Mataifa Sita. Dunia nzima ya raga itakuwa kwenye timu ya taifa miezi ileile, na ligi zote zitasimama pamoja. Super Rugby, ambayo sasa inaanza Februari, italazimika kusogea, na New Zealand na Australia watapiga kelele kwamba hiyo ni miezi ya kriketi na joto. Joto la Durban mwezi wa pili si la mchezo, nakubali. Ila viwanja vile vina taa, na saa moja usiku hata Durban inachezeka.