Bia ya Konokono

Stroberi ikianza kuwa nyekundu, wanaojua kabla yangu ni wawili: mjukuu wangu na koa, yule konokono asiye na gamba. Mjukuu namweza, nampa chapati anatulia. Koa ndiye aliyenifanya mimi, mtu mzima wa Bombo, Uganda, ninayeswali safu ya mbele, nionekane dukani saa moja jioni nikinunua bia.

Ngoja nianze mbali kidogo. Nimeendesha lori miaka na miaka, Malaba hadi Gulu. Nilipostaafu, pensheni yangu ilikuwa matairi sita mabovu na maumivu ya kiuno. Matairi nikayajaza udongo na samadi, nikapanda stroberi, maana kule Kampala kikopo kimoja wanakuuzia kwa bei ambayo ungerudi nayo nyumbani na sukari. Mtaalamu mmoja akanishauri nitandaze majani makavu ya migomba, tunda lisiguse udongo likaoza. Nikatandaza vizuri, nikajisifu. Kumbe nimewajengea koa gesti! Mchana wamelala humo, kuna giza, kuna ubaridi. Usiku mvua ikishanyesha wanatoka kula.

Na laiti wangekula wakamaliza. Koa hamalizi tunda. Analitafuta lililoiva kuliko yote, anatoboa shimo moja la mviringo, anahamia lingine, kama yule mgeni wa harusini anayeonja kila sufuria. Asubuhi unakuta shimo, na kando yake mstari wa ute unang'aa kama kamasi kwenye shati la mtoto.

Sumu ipo madukani, vipunje unamwaga tu. Lakini nyumbani kuna kuku, kuna mbwa, kuna mjukuu anayechuma na kula bila hata kupangusa. Mama watoto akaniambia, "Mzee, ukileta sumu hapa, hizo stroberi utakula peke yako, na mimi kaburi lako nitalipalilia." Basi, sumu ikaishia hapo.

Hapo ndipo kila mtu akawa profesa. Weka jivu, Hajji. (Wananiita Hajji, Makka sijafika.) Nikaweka jivu la jiko, na kusema kweli linafanya kazi, koa hapendi kutembea kwenye kitu kikavu. Ila sisi tuko mwezi wa nne. Mvua moja tu, jivu likawa uji. Weka maganda ya mayai! Wiki mbili nayaokota kwa kijana anayekaanga roleksi, chapati ya kukunjia mayai, hapo steji, mpaka akaanza kunitazama kama mtu aliyetumwa na mganga. Koa wakapita juu yake kama wako kwenye lami. Chumvi inamuua koa, ndiyo, na udongo nao inauharibu. Mwingine akasema zungushia waya wa shaba. Shaba? Nje? Ningeamka sina waya, sina tairi, sina stroberi. Nikaazima bata wawili. Bata anakula koa, hilo nimeliona kwa macho yangu, anammeza mzimamzima bila hata kusema asante. Akimaliza koa anageukia stroberi.

Ndipo nikaambiwa habari ya bia. Unafukia kikombe, mdomo unauacha juu ya udongo kama upana wa kidole, ili wadudu wasio na hatia wasitumbukie. Unatia bia. Koa anafuata harufu, anainama kuonja, anaangukia ndani, kwisha.

Nikavaa koti, kofia nikaitia mfukoni. Mama wa duka akanichangamkia: "Hajji! Leo soda gani?" Nikainama, nikamnong'oneza, nikampa noti ya 5,000. Yule mama akageukia ndani akapaza sauti: "Leteni bia moja ya Hajji! Hajji, ya baridi au hii ya kawaida?"

Nikasema, "Yoyote. Ni ya konokono."

Duka zima kimya. Mwanaboda mmoja aliyekaa kwenye kreti akainua chupa yake, akasema, "Hata hii yangu ni ya konokono."

Nilipofika nyumbani, habari ilikuwa imeshafika, imeshakaribishwa na kupewa kiti. Isha, imamu alinishika mkono kwa mikono yote miwili, taratibu, kama mtu anayempa mwenzake pole ya msiba.

Mama watoto ndiye aliyeniokoa. "Kinachowavuta si bia, ni hamira. Hamira mbona ninayo?" Akachanganya maji ya uvuguvugu, sukari na hamira ya maandazi, tukatia kwenye vikombe. Asubuhi kikombe kimoja kina koa 11! Nikafurahi, nikachanganya ndoo nzima nikaificha stoo. Siku ya tatu ndoo inachemka yenyewe bila moto, povu linapanda, na harufu yake ni ileile niliyoikimbia dukani. Yaani kununua chupa moja niliona aibu, sasa ninapika pombe nyumbani kwangu. Nikaimwaga usiku huohuo, nikatazama huku na huku kama mwizi. Siku hizi nachanganya kikombe kimoja kimoja.

Sasa hao ni koa. Wapo konokono wenyewe, wale wenye nyumba mgongoni, mkubwa anajaa kiganja. Hao kikombe hakiwazamishi. Wanakunywa, wanaondoka, wala hawayumbi. Dawa yao ni kuwaokota kwa mkono, saa tatu usiku, tochi mdomoni na mfuko wa plastiki mkononi, maana wanabeba minyoo, usiwashike hivihivi. Kuwaua nashindwa. Mtu ana nyumba yake, unaanzaje kumkanyaga? Basi nikawa nawarusha ng'ambo ya ua, kwenye migomba ya jirani. Mungu anisamehe, jirani ni mtu mwema.

Lakini nikirusha 15 leo, kesho wapo 15. Mama watoto akasema, "Hao ni walewale." Nikabisha. Akaleta rangi yake ya kucha, nyekundu, tukakaa barazani tukawatia nukta mmoja mmoja kama wanaojiandaa kwa harusi. Nikawarusha.

Usiku wa pili nikamulika tairi la tatu. Nukta nyekundu, wanne, wametulia juu ya stroberi kama hawajawahi kwenda popote. Na pembeni yao mmoja mkubwa, ana nukta ya buluu.

"Mama watoto, una rangi ya buluu?"

"Sina."

Ng'ambo ya ua, tochi ikazimwa.