Cessna 152 si ya kila kiwanja
Mwandishi wa makala anasema anayeanza urubani anunue Cessna 152, ndege ndogo ya watu wawili, kwa kuwa ndiyo nafuu. Bei sibishi, lakini hesabu hiyo imepigwa na mtu wa pwani. Entebbe, hapa Uganda, iko futi 3,782 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na injini isiyo na tabo (kifaa cha kuisukumia hewa) hupoteza karibu asilimia 3 ya nguvu kwa kila futi 1,000. Kwa hiyo zile nguvu-farasi 110 hapa hubaki kama 97, na hapo jua la saa nane halijawaka likazipunguza zaidi. Uzito wa juu wa kuruka ni kilo 757: pakia watu wazima wawili walioshiba matoke, jaza matangi, basi, hata begi halina nafasi. Niliwahi kuruka nayo kwenye kiwanja kidogo cha Kajjansi mchana na mwalimu wangu (mtu wa mwili, Mungu ambariki), miti ya mbele tukaivuka kwa dua. Mimi ningetafuta Cessna 172 kuukuu, dada yake mkubwa wa viti vinne, hata kwa kuchangiana watu watatu. Na mafuta je? Ninyi mnaorukia Soroti au Kasese, avgasi (petroli ya ndege ndogo) mnaipata huko au mnabeba kwa madumu?