Rudisheni pasipoti za wadada wetu walioko Gulf

Pasipoti ya Kenya si mali ya bosi wala ya ajenti. Ni mali ya Serikali ya Kenya, na raia amekabidhiwa aitumie. Katiba yetu ya 2010, Ibara ya 12, inasema kila raia ana haki ya kuwa na pasipoti, kisha inaongeza kwamba pasipoti hiyo haiwezi kunyimwa, kusimamishwa wala kutwaliwa ila kwa mujibu wa sheria iliyotungwa na Bunge. Hata afisa wa serikali mwenye sare, basi, hawezi kuamka asubuhi akaichukua pasipoti yako kwa sababu hakuamini. Sasa nauliza: madam wa Riyadh kaipata wapi ruhusa hiyo? Na yule kijana wa ofisi ya ajenti, hapa hapa Mombasa au Nairobi, anayezikusanya pasipoti za wasichana akazifunga raba na kuzitia kwenye droo yake, yeye kapewa na nani?

Mtaani kwetu ni vigumu kupita nyumba tatu mfululizo bila kukuta moja yenye binti aliyeko Saudia, Qatar, Oman au Dubai. Pesa wanazotuma zimejenga nyumba, zimelipa karo, zimewatibu wazee. Sina neno na safari hizo. Mtu mzima ana haki ya kwenda kutafuta riziki anakoiona. Ninachoshindwa kukivumilia ni mazungumzo ya simu ninayoyasikia kila mara. Mama anamuuliza mwanawe habari za kazi, za chakula, za watoto wa pale nyumbani, halafu anauliza:

"Na pasipoti yako, unayo?"

"Ah, mama, pasipoti iko kwa madam. Huku wote ndivyo tulivyo."

Na mama anaridhika, mazungumzo yanaendelea. Ni hayo maneno "huku wote ndivyo tulivyo" yanayonitisha. Jambo likishafanywa kwa kila mtu, hakuna tena anayeliona kuwa dhuluma. Labda tunachangia wenyewe, maana tumelelewa kuacha kitambulisho kwa soja wa getini kila tunapoingia jengo la watu, hadi mkono unakitoa kabla hatujaombwa. Lakini kwa soja utarudi saa moja baadaye na kitambulisho utapewa. Kule ni miaka miwili.

Tazama njia inavyopita. Msichana anapeleka pasipoti kwa ajenti ili ipelekwe kugongwa viza. Hapo hakuna tatizo, viza haigongwi hewani. Tatizo ni kwamba viza ikishatoka, pasipoti hairudi kwake. Inakaa ofisini mpaka siku ya safari, na anakabidhiwa uwanja wa ndege, dakika chache kabla ya kuingia ndani, pamoja na mkataba ambao hajapata nafasi ya kuusoma. Akitaka kubadili mawazo wiki moja kabla, anaambiwa alipe kwanza gharama zote ndipo apewe pasipoti yake. Yaani anazuiliwa hati yake akiwa bado yuko kwao, na anayemzuia ni Mkenya mwenzake. Akitua Riyadh au Jeddah, mtu wa ofisi ya kule anampokea na neno la kwanza analosikia ni "passport". Kutoka hapo inakwenda kwa mwajiri ili atengenezewe iqama, kile kibali cha ukaazi. Iqama inatoka. Pasipoti inabaki kabatini, na ufunguo ni wa madam.

Wapo watakaosema huo ni utamaduni wa kule na mgeni hufuata ya wenyeji. Si kweli, na hili nataka lisomwe vizuri na kila mzazi: sheria za kule kule zinakataza. Saudia, uamuzi wa Baraza la Mawaziri nambari 166 wa mwaka 2000 ulikataza mwajiri kushikilia pasipoti ya mfanyakazi wa kigeni. Falme za Kiarabu zilikataza kwa waraka wa Wizara ya Mambo ya Ndani wa 2002. Oman ilitoa waraka wake 2006. Qatar, sheria nambari 21 ya 2015 inamtaka mwajiri airudishe pasipoti mara tu taratibu za ukaazi zinapokamilika, na asiporudisha anaweza kutozwa faini ya hadi riyali 25,000. Juu ya hayo yote upo Mkataba nambari 189 wa Shirika la Kazi Duniani, uliopitishwa Geneva mwaka 2011 kwa ajili ya wafanyakazi wa nyumbani, ambao kifungu chake cha 9 kinasema mfanyakazi ana haki ya kukaa na hati zake za safari na za utambulisho. Shirika hilo hilo lina orodha ya dalili 11 za kazi ya kulazimishwa, na kushikiliwa hati ni mojawapo. Hilo limewekwa pamoja na kutishwa, kupigwa na kunyimwa mshahara.

Kwa hiyo sheria zipo, nyingine zina zaidi ya miaka ishirini, na bado pasipoti zimo makabatini. Kwa nini? Kwa sababu zote zinamtegemea aliyefungiwa ndani aende akashtaki. Msichana hana siku ya mapumziko, simu anapewa usiku au hapewi kabisa, Kiarabu hajui, na mlango una ufunguo asioumiliki. Hakuna mkaguzi wa kazi atakayebisha hodi kwenye nyumba ya mtu kuuliza pasipoti iko wapi. Kiwandani mkaguzi anaingia. Jikoni haingii.

Halafu kuna tundu jingine, na hili naliona baya kuliko yote. Sheria ya Kuwait ya 2015 kuhusu wafanyakazi wa nyumbani inamkataza mwajiri kushika pasipoti, isipokuwa kwa ridhaa ya mfanyakazi. Ridhaa! Mtu ametua usiku, hajalala, hana shilingi, hajui yuko mtaa gani, anawekewa karatasi ya Kiarabu na kalamu, aliyeishika karatasi ndiye atakayemlisha kesho. Ataandika jina lake. Nani hangeandika? Kisha siku akilalamika ataonyeshwa sahihi yake. Ridhaa ina maana pale tu ambapo mtu anaweza kukataa na asipate madhara. Asiyeweza kusema hapana, ndiyo yake haitoshi kuwa ushahidi wa lolote.

Nimewasikiliza pia wanaowatetea waajiri, na hoja yao moja ina uzito. Mwajiri hulipa maelfu ya riyali kumleta mfanyakazi: viza, tiketi, vipimo, pesa za ofisi. Akitoroka mwezi wa pili, pesa zimekwenda, na wengi wa waajiri hao si matajiri wa mafuta. Ni walimu, ni makarani, wengine wamekopa. Hasara hiyo naielewa. Lakini deni hilo ni kati ya mwajiri na ofisi iliyomuuzia huduma. Saudia yenyewe imeliona hilo, ndiyo maana tangu Februari 2024 imeweka bima ya lazima kwa mikataba mipya ya wafanyakazi wa nyumbani, na bima hiyo humlipa mwajiri fidia mfanyakazi akiacha kazi. Kama hasara ina bima, pasipoti kabatini inalinda nini tena? Inalinda uwezo wa kumchelewesha mshahara, kumpeleka akafanye kazi kwa dada na kwa mama mkwe bila malipo, kumuongezea miezi baada ya mkataba kwisha, na yeye asiwe na pa kwenda.

Maana akienda, anakuwa mhalifu. Akitoka nje bila ruhusa, mwajiri anamripoti kuwa ametoroka, wanaita huroob, na kutoka saa hiyo polisi wakimkamata anawekwa ndani kungoja kurudishwa kwao. Mshahara anaodai haujadiliwi tena. Wakenya wenzao huwaita makemboi, wale waliokimbia na sasa wanafanya vibarua vya siri, wanaishi wengi chumba kimoja, wanaogopa hata kwenda hospitali. Wengi wao hawakukimbia kazi. Walikimbia nyumba moja, na kwa kukosa hati hawakuweza kuhamia nyingine kwa njia halali. Mageuzi ya Saudia ya Machi 2021 yaliyowapa wafanyakazi wa kampuni nafasi ya kubadili mwajiri na kuondoka nchini bila ruhusa yake hayakuwahusu wafanyakazi wa nyumbani. Wao waliachwa nje, na wao ndio waliohitaji zaidi.

Tukumbuke Beirut. Agosti 2020, baada ya ule mlipuko wa bandarini na huku pauni ya Lebanon imeporomoka, wanawake wa Kenya walipiga kambi nje ya ubalozi wetu mdogo wakitaka kurudi nyumbani. Waajiri walikuwa wameshindwa kuwalipa wakawatoa nje, na miongoni mwa wanawake hao walikuwapo ambao pasipoti zao zilibaki kwa waajiri hao hao. Walilala barabarani, mbele ya bendera yao. Nchi inayojisifu kwa fedha zinazotumwa na watu wake walioko ng'ambo haikupaswa kusubiri kamera za waandishi ndipo iwaone.

Wala tusijidanganye kwamba lugha moja au dini moja inatosha kuwa kinga. Oman wapo waajiri wanaozungumza Kiswahili kama sisi, wenye ndugu Unguja na Mombasa. Shirika la haki za binadamu la Human Rights Watch liliwahoji wanawake wa Tanzania waliofanya kazi Oman na Falme za Kiarabu, likachapisha liliyoyasikia mwaka 2017, na habari ya pasipoti kuchukuliwa ilijirudia kwa karibu kila mmoja. Waungwana wapo kule, nawajua wanaowatunza wasaidizi wao kama watoto wao. Lakini haki haifai kutegemea umeangukia nyumba gani.

Je, kuna njia? Wafilipino wameijaribu. Februari 2018, baada ya maiti ya mfanyakazi wao kukutwa ndani ya friza huko Kuwait, serikali yao ilisimamisha kupeleka watu kule. Mwezi Mei mwaka huo huo nchi hizo mbili zilitia sahihi makubaliano yanayomkataza mwajiri kumnyang'anya mfanyakazi pasipoti na simu. Hayakumaliza mateso yote, Wafilipino wengine wameuawa baadaye. Ila walikaa mezani na jambo hilo likaandikwa kwa jina lake. Sisi tumewahi kufunga safari za Gulf mwaka 2012 na tena 2014, mara ya pili leseni za mawakala zikafutwa kwa mamia, kisha tukafungua. Kufunga tu hakusaidii. Wasichana walipita Uganda na Tanzania, wakafika kule kule bila hata mkataba uliothibitishwa na ubalozi.

Kwa anayesafiri mwezi huu haya ni yangu kwako, dada. Kabla hujaiacha pasipoti kwa ajenti, piga picha ukurasa wenye jina lako, na viza ikitoka piga picha yake pia, na kila ukurasa wa mkataba. Zitume kwa mama, kwa kaka, kwa mtu asiyebadilisha simu kila mara. Nambari ya pasipoti ishike kichwani kama unavyoshika nambari ya simu. Wakikuwekea karatasi usiyoielewa, sema kwa upole unataka kuituma kwanza nyumbani isomwe. Iqama ikitoka, omba pasipoti yako kwa heshima, na kama unaweza omba kwa ujumbe wa simu ili ibaki imeandikwa. Lakini kama uko hatarini, kama mkono wa mtu umekugusa au maisha yako yametishwa, usibaki kwa ajili ya kijitabu hicho. Toka, fika ubalozini au polisi. Ubalozi una uwezo wa kukupa hati ya dharura ya kusafiria. Itachukua muda na itasumbua, lakini pasipoti huchapishwa nyingine.

Kwa Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira na wabunge wetu nina ombi lisilohitaji bajeti kubwa. Makubaliano yetu ya kazi na Saudia, Qatar na Falme za Kiarabu yafunguliwe upya, na kiandikwe kifungu kinachosema pasipoti inakaa kwa mwenyewe, bila kile kijisentensi cha ridhaa. Mafunzo ya kabla ya safari yasiishie kwenye kutumia mashine ya kufulia na kusalimia kwa Kiarabu; kila msichana atoke darasani akiijua hiyo Ibara ya 12. Na kwa kuwa ajenti wa hapa ndiye tunayeweza kumshika, tumshike yeye: siku tisini baada ya kila safari alete uthibitisho, picha ya mfanyakazi mwenyewe akiwa ameshika pasipoti yake. Atakayeshindwa kuonyesha pasipoti za watu aliowapeleka ziko mikononi mwa nani, asihuishiwe leseni.